Kupanda Uzito Siyo Shida, Shida ni Yule Anayekuja Mbele

Raundi ya 13, Orange Bowl, Miami, usiku wa tarehe 12 Novemba 1982. Bondia Alexis Argüello anaachia ile kulia yake ndefu, ile ile iliyolaza watu kuanzia daraja la pauni 126 mpaka la 135, na inafika pale pale ilipotumwa. Kichwa cha mpinzani wake, Aaron Pryor, kinaruka nyuma. Nimeirudia hii video sijui mara ngapi na kila ikifika hapo mwili wangu unategemea jamaa aanguke, maana miaka yote ngumi ya Argüello ikiingia hivo stori huwa imeisha.

Pryor anasogea mbele.

Raundi inayofuata Argüello yuko kwenye kamba, mikono imemshuka, anapigwa mfululizo akiwa amesimama kwa sababu hata nafasi ya kuanguka hajapewa, mpaka refa Stanley Christodoulou anaingia kati. Hapo ndo anateleza taratibu hadi chini na kulala pale dakika kadhaa, watu wamemzunguka, ulingo mzima umejaa vurugu za ushindi wa mwenzake.

Mi sikuwa natafuta pambano hili. Nilikuwa natafuta jibu la ubishi mwingine kabisa.

"Uzito ni namba tu"

Tangu Terence Crawford apande madaraja ya uzito na kumpiga Canelo Álvarez pale Las Vegas, Septemba 2025, kila kijiwe cha ngumi kimekuwa na wimbo mmoja. Uzito ni namba tu. Ukiwa na akili, ukiwa na mkono wa mbele mzuri, kilo hazina maana. Na ushahidi wanao bana, huwezi kuwakatalia kirahisi. Crawford alichukua mkanda wake wa kwanza mwaka 2014 kwa Ricky Burns kule Glasgow akiwa pauni 135, kilo 61 hivi. Kumfuata Canelo alipanda mpaka 168, kilo 76, tena kabla ya hapo alikuwa amepigana mara moja tu pauni 154. Majaji wakampa 116-112, 115-113, 115-113, akaondoka na mikanda yote.

Sasa hiyo sentensi ya "namba tu" ikanikaa kooni wiki na wiki. Asubuhi naikubali, jioni naikataa. Maana kama uzito ni namba tu, mbona wengine walipanda wakavunjwa mifupa? Na kama uzito ndo kila kitu, mbona Argüello alivunjwa na mtu ambaye hakumzidi uzito?

Hicho cha pili ndo kilichonipeleka Miami.

Angalia: usiku ule wote wawili walipima ndani ya pauni 140. Argüello ndiye aliyekuwa mrefu, kama inchi nne hivi zaidi. Ukiwapanga kwa picha tu, bila kujua majina, ungesema yule mfupi ndo kapanda uzito kumfuata mkubwa. Kumbe aliyepanda ni Argüello, bingwa wa pauni 135, anatafuta kuwa mtu wa kwanza duniani kubeba mikanda katika madaraja manne. Mzani haukuona tatizo lolote.

Ngumi inayonunua muda

Kitu kimoja ambacho watu wa ngumi wanakijua ila hawakisemi sana: konde la bingwa halipo kwa ajili ya kuangusha tu. Linanunua muda. Ukimpiga mtu ngumi nzito raundi ya pili, raundi ya nne anafikiria mara mbili kabla ya kuingia, na ile nusu sekunde anayofikiria ndo sehemu wewe unapumua, unapanga miguu, unaamua pambano liende wapi. Bingwa anaishi ndani ya hizo nusu sekunde. Hata yeye mwenyewe wakati mwingine hajui kama anaishi humo, anadhani ni ufundi wake tu.

Akipanda uzito, ngumi ni ile ile ila bei imebadilika. Iliyokuwa inamsimamisha mtu inamfanya akunje uso tu.

Kama aliye mbele yako ni mwoga kidogo, au mtulivu, au mtu wa kuhesabu, hutaona tofauti kubwa, maana hata ngumi ya kukunjisha uso anaiheshimu. Ila ukikutana na mtu ambaye tabia yake ni kuja tu, yani haji kwa sababu hujampiga bali anakuja kwa sababu hajui kukaa, hapo umefilisika. Kila nusu sekunde uliyozoea haipo.

Pryor alikuwa mtu wa hivo. Rekodi yake ilikuwa mapambano 31 bila kupoteza, 29 kati ya hayo wapinzani hawakumaliza. Siku anachukua mkanda mwaka 1980 kwa Antonio Cervantes, mtu hatari sana, aliangushwa raundi ya kwanza. Akanyanyuka, akaendelea kuja, raundi ya nne Cervantes kwisha. Mtu ambaye ukimwangusha ndo unamchangamsha, unamfanyaje?

Mwaka mmoja nyuma

Hapa ndo niliganda.

Oktoba 1981, mwaka mmoja tu kabla ya Miami, Argüello alipigana na Ray Mancini, kijana wa mbele mbele haswa, anakuja usiku mzima, anarusha, anasukuma, kwenye raundi za mwanzo unaweza hata kusema anaongoza. Argüello akamwacha aje. Akawa anamwekea ile kulia kidogo kidogo kila akiingia, na kila mara Mancini anarudi na kasi imepungua, imepungua, mpaka raundi ya 14 kijana akaisha kabisa na pambano likasimamishwa.

Raundi ya 14. Dhidi ya mshambuliaji. Pauni 135.

Mwaka uliofuata, raundi ya 14, dhidi ya mshambuliaji, pauni 140, na safari hii aliyesimamishiwa pambano ni yeye. Mpango ule ule! Ukitazama Miami kwa utulivu unaona kabisa anafanya kile kile cha Mancini, anasubiri kijana achoke, anaweka kulia, anasubiri tena. Wala hakuwa anapigwa kama ngoma usiku kucha, pambano linasimamishwa majaji wawili wakiwa na Pryor na mmoja akiwa na Argüello. Mpango ulikuwa unafanya kazi, ila malipo hayakuja. Ngumi zinafika, deni halilipwi.

Sasa hizo pauni tano ndo zimefanya hivo, au ni Pryor tu? Kama Pryor angekuwa na pauni 135 angetokea vile vile? Hilo swali nimezunguka nalo mpaka nikachoka. Jibu langu, kwa leo, ni kwamba ukiyatenganisha unaharibu. Mancini alikuwa na moyo kama wa Pryor, kasoro mwili wa kuulipia. Kupanda daraja ndo kunakukutanisha na watu wenye tabia ile na mwili wa kuibeba. Unaweza kupanda ukamkwepa mtu wa namna hiyo na maisha yakaenda, ukastaafu unasema uzito ni namba tu.

(Na kesho yake tu, Novemba 13, Mancini alipigana na Duk Koo Kim wa Korea Kusini, pambano likasimamishwa raundi ya 14 vile vile, na Kim akafariki siku chache baadaye. Baada ya hapo WBC, moja ya vyama vinavyotoa mikanda ya ubingwa, wakashusha mapambano ya ubingwa kutoka raundi 15 hadi 12, wengine wakafuata. Ndo maana bingwa wa leo anayepanda uzito anapewa zawadi ambayo Argüello hakuwa nayo: kengele ya mwisho inalia kabla ya ile saa mbaya.)

Ile chupa

Najua kuna mtu anasubiri niguse chupa. Sawa.

Kati ya raundi ya 13 na 14 maikrofoni za televisheni ya HBO zilimnasa Panama Lewis, mtu wa kona ya Pryor, akiomba chupa nyingine, ile aliyoichanganya yeye mwenyewe. Pryor akatoka pale na nguvu mpya akammaliza mtu. Na baada ya pambano hakukuwa na kipimo cha mkojo. Halafu Juni 1983 huyo huyo Lewis akakamatika kwenye kashfa ya glavu za Luis Resto zilizotolewa sufi, zile zilizomharibu uso Billy Collins Jr., akafungiwa na jela akaenda.

Kwa hiyo hoja yangu yote inaweza kuanguka hapo. Kama pumzi ya Pryor ilitoka kwenye chupa, basi mi nachambua dawa, sichambui ngumi. Nilipofika hapa niliiacha hii makala ikae kwanza, nikaona haina miguu.

Kilichonirudisha ni marudiano. Septemba 9, 1983, Caesars Palace, Las Vegas, Lewis hayupo kwenye kona. Pryor akaja vile vile kuanzia kengele ya kwanza, na raundi ya 10 Argüello akakaa chini, macho yako wazi, akili anayo, akamsikiliza refa akihesabu mpaka mwisho. Wapo wanaosema alikata tamaa. Mi naona mtu aliyefanya hesabu akapata jibu lile lile mara ya pili. Chupa siitetei, ile kitu inanuka mpaka leo, ila haielezi Las Vegas.

Jicho la Brook

Kell Brook naye. Bingwa wa pauni 147, hajapoteza pambano, Septemba 2016 akaruka daraja zima la 154 akaenda moja kwa moja 160 kumfuata Gennady Golovkin pale O2 London. Siku ya kupima, mzani ulisema hawajapishana kitu cha maana, na Brook akionekana amejaa, mabega hayo. Watu wakasema ona, kumbe mkubwa tu.

Raundi ya pili alimtikisa Golovkin kwa apakati, ile ngumi ya kutoka chini kwenda juu, ukumbi ukalipuka. Ile raundi naipenda, ufundi mtupu. Ila tazama miguu ya Golovkin baada ya kupigwa zile ngumi nzuri: haibadilishi chochote, mguu wa kushoto unaingia, wa kulia unafuata, polepole, kama fundi anayepiga msumari. Raundi ya tano Brook hajibu tena, anashika jicho, na kocha wake Dominic Ingle akarusha taulo. Mfupa wa tundu la jicho la kulia ulikuwa umevunjika.

Mkono wake ulikuwa unashinda kwenye macho ya watazamaji na unapoteza kwenye kitu kimoja tu: haukumfanya jamaa asimame.

Na bili haikuishia hapo. Mei 2017 Brook alirudi kwake, pauni 147, uwanja wa Bramall Lane nyumbani Sheffield, kutetea mkanda kwa Errol Spence. Jicho la upande wa pili likavunjika, raundi ya 11 akapiga goti. Alipanda mara moja tu, kisha ikabidi mwili ule ule aliouongezea nyama aukamue tena kurudi chini. Hii sehemu ya kurudi chini haizungumzwi, kila mtu anaangalia kupanda.

Pacquiao anaharibu hesabu

Nilikuwa nimeridhika na nadharia yangu mpaka nikamkumbuka Manny Pacquiao, na hapo ikabidi nianze tena.

Novemba 2010, Cowboys Stadium, Texas, dhidi ya Antonio Margarito. Margarito ni mshambuliaji kama wote niliowataja, mtu wa kutembea mbele akila ngumi, mrefu, na usiku wa pambano alikuwa amemzidi Pacquiao kama pauni 17. Huyu Pacquiao alianzia kuwa bingwa uzito wa nzi, pauni 112! Kwa nadharia yangu alitakiwa kusagwa. Badala yake alishinda pengine kila raundi isipokuwa chache, na aliyevunjika mfupa wa jicho ni Margarito.

Ukiangalia vizuri lakini, Pacquiao hakujaribu kumsimamisha mtu kwa ngumi moja, hiyo biashara hakuifungua kabisa. Alirusha zaidi ya ngumi elfu moja kwenye raundi 12. Anaingia yeye kwanza, nne tano, anatoka kwa pembeni, Margarito akigeuka kumtafuta anakuta tayari mambo yameanza upya. Yani mshambuliaji alikuwa anakuja ndiyo, ila anakuja kwa ratiba ya mwenzake. Raundi ya sita alipombana kwenye kamba na kumpiga ya mwili, Pacquiao aliumia kweli, na ile dakika ndo unaona pambano lingekuwaje kama lingekwenda kwa mwendo wa Margarito.

Kwa hiyo siyo kilo, na siyo ushambuliaji peke yake. Ni nani anaamua sasa hivi tunapigana au tunapumzika.

Argüello hakuwahi kuamua hilo usiku ule hata dakika moja. Brook aliamua raundi mbili. Oleksandr Usyk alipopanda uzito wa juu akakutana na Derek Chisora Oktoba 2020, raundi za mwanzo Chisora alimfuata kama deni, kilo zaidi ya 15 juu yake, na Usyk alirudi nyuma, akasukumwa, hakuonekana bingwa hata kidogo. Kisha Chisora akachoka, uamuzi ukahama mkono, na Usyk akalichukua pambano kwa pointi. Sijawahi kuwaza vizuri kama Chisora angekuwa na pumzi ya Pryor, na sidhani Usyk naye anapenda kuwaza.

Kwa hiyo Crawford

Ndo maana ule wimbo wa "namba tu" siuimbi, pamoja na kwamba Crawford nampa heshima zote na usiku ule alikuwa mzuri sana. Ila Canelo wa 2025 alirusha ngumi chache, chini ya 30 kwa raundi kwa wastani. Chini ya 30! Muda wote uliobaki anatembea, anatazama, anasubiri ufunguzi ambao mtu kama Crawford hakupi. Nusu sekunde zote zile, Crawford alikuta zimewekwa mezani, akajihudumia.

Siyo kosa lake. Mpe mtu anayekuja wa daraja hilo hilo, kijana, mwenye pumzi, halafu tuongee. Inawezekana angeshinda tu, Crawford ana kichwa kigumu na anapenda kurudishiana. Ila lingekuwa swali tofauti na hilo alilojibu.

Meza ya mkataba

Aliyeelewa hii kitu kuliko wote, kwa maoni yangu, ni Sugar Ray Leonard. Aprili 1987 alipanda mpaka pauni 160 kumfuata Marvin Hagler baada ya kupigana mara moja tu katika miaka mitano. Alishawahi kupanda kidogo kabla, 1981 alimchukulia Mganda Ayub Kalule mkanda wa 154, ila Hagler alikuwa habari nyingine. Miaka miwili nyuma alikuwa amemla Thomas Hearns raundi tatu, moto mtupu kuanzia sekunde ya kwanza.

Leonard akaanza kumpiga mezani. Hagler alitaka hela nzuri zaidi, akapewa. Leonard akaomba raundi 12 badala ya 15, ulingo mpana, glavu nzito kidogo. Yani alinunua nafasi ya kukimbilia na akakata ile saa mbaya ya mwisho kabla hata hajavaa bandeji.

Halafu Hagler, sijui kwa nini, yeye ambaye ni mkono wa kushoto, akaanza pambano kwa kusimama mkono wa kulia. Raundi za mwanzo zikapita hivi hivi. Alipoamua kuja kama alivyokuja kwa Hearns, Leonard alikuwa ameshaweka akiba ya kutosha, akawa anamaliza kila raundi kwa ngumi za haraka haraka sekunde za mwisho ili majaji waondoke na picha hiyo. Jaji mmoja akampa Hagler 115-113, mwingine Leonard 115-113, wa tatu akampa Leonard 118-110, na hiyo ya mwisho mpaka leo ni matusi.

Mi nampa Leonard kwa raundi moja. Najua mtanishambulia, njooni tu, ila mje na raundi mnazompa Hagler mkononi, msije na "alikuwa anakuja mbele" peke yake, maana raundi nne za kwanza hakuja.